Nimekariri maneno 1,000, alama za Verbal hazijasogea. Nifanyeje?

*"Mwalimu, shikamoo. Ninajiandaa na mtihani wa GRE ili niombe nafasi ya shahada ya uzamili. Hesabu hainisumbui, shida yangu ni Verbal, ile sehemu ya msamiati na ufahamu wa Kiingereza. Nilifanya jaribio moja la bure la ETS, wale watunga mtihani wenyewe, nikapata 147. Nikaambiwa dawa ni msamiati, basi kwa wiki sita nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri kukariri orodha ya maneno 1,000. Wiki iliyopita nimerudia jaribio lilelile: 148. Kwenye ufahamu muda unaniishia. Maswali manne ya mwisho ya sehemu ya kwanza sikuyagusa, nikihofia kukatwa alama. Zimebaki wiki kumi, na idara ninayoitaka imeniambia wengi wanaopokelewa wana 155 na kuendelea. Niongeze maneno mengine 1,000, niahirishe, au nikubali tu kwamba Kiingereza si lugha yangu?"*

Marahaba. Kabla ya yote, rudi kulala. Saa kumi alfajiri ni saa nzuri kwa mwenye kazi ya saa kumi alfajiri, lakini anayetaka maneno yamkae kichwani anauhitaji usingizi kuliko anavyoihitaji orodha.

Wasiwasi ninaousoma kwenye swali lako ni kwamba umefanya kazi ya punda, umelipwa alama moja, na sasa umeanza kujishuku mwenyewe. Mimi naona umekunywa dawa ya ugonjwa mwingine. Tena nikuambie jambo litakalouma kidogo: hata hiyo alama moja usiihesabu. Maswali uliyoyarudia ulikwisha kuyaona, na mtu yeyote akifanya mtihani wa aina hii siku mbili tofauti, kupanda au kushuka alama mbili tatu ni kawaida. Kwa hiyo tuseme ukweli, bado uko palepale ulipoanzia. Habari njema ni kwamba sababu zinaonekana, na mojawapo tunaweza kuimaliza sasa hivi.

GRE haikati alama kwa jibu lisilo sahihi. Swali uliloliacha wazi na swali ulilokosea yana thamani moja, yaani sifuri. Maswali manne uliyoyaacha ungeyabahatisha kwa macho yaliyofumbwa, huenda ungeokota moja. Na hasara yako ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu ya jinsi mtihani wenyewe ulivyoundwa. Tangu Septemba 2023 ulipofupishwa, Verbal ina sehemu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Ulivyofanya kwenye ya kwanza ndivyo kompyuta inavyoamua ya pili iwe ngumu kiasi gani, na sehemu ya pili nyepesi haiwezi kukufikisha kule juu ambako ile ngumu ingekufikisha. Ukiacha theluthi nzima ya sehemu ya kwanza tupu, umejifungia mlango mwenyewe kabla ya kuufikia. Kuanzia leo hakuna swali linaloachwa wazi. Zikibaki sekunde thelathini, jaza yote yaliyobaki.

Jambo la pili linalohusu muundo: ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia. Watu wengi hudhani kila jibu linabadilisha swali linalofuata, basi wanang'ang'ania swali la tatu kama wameshikwa na gundi. Marekebisho hufanyika kati ya sehemu na sehemu tu.

Sasa msamiati. Zamani mtihani huu ulikuwa na maswali ya kinyume cha neno na ya mlinganisho wa maneno, neno likining'inia peke yake bila sentensi. Enzi hizo orodha ilikuwa silaha kweli. Maswali hayo yaliondolewa mwaka 2011, lakini ushauri wake haukuondoka. Bado unazunguka mdomo kwa mdomo, na wewe ndio uliopewa. Leo takriban nusu ya Verbal ni ufahamu. Nusu nyingine ni kujaza nafasi ndani ya sentensi, na humo kulijua neno ni nusu ya kazi tu.

Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili. Amekariri kwamba "kata" ni kutenganisha kitu kwa kisu. Akakutana na kukata tamaa, kukata shauri, kukata kiu, kukata rufaa. Kadi yake inamwambia kisu, sentensi inamwambia jambo jingine kabisa. Ndivyo mtihani huu unavyokufanyia. Neno "qualify" umelikariri kuwa ni kufuzu, lakini kwenye maandishi ya kitaaluma mtu "aki-qualify" dai lake, amelipunguza makali, ameliwekea mipaka. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni adhabu. "Want" huwa ni upungufu, "check" huwa ni kuzuia, "flag" huwa ni kuchoka na kulegea. Watunga mtihani wanayapenda sana maneno haya mepesi yenye maana ya pili, kwa sababu msomaji hupita juu yake bila kushtuka. Kwenye orodha yako ya maneno 1,000 sidhani kama "want" limo.

Tuone swali lenyewe linavyofanya kazi. Nitalitunga kwa Kiswahili makusudi, ili msamiati usiwe kisingizio:

*Ingawa wasomaji walimsifu mwandishi huyo kwa ______ wake, mhariri wake alijua kwamba kila ukurasa aliufuta na kuuandika upya mara nyingi kabla ya kuutoa.*

Umepewa wepesi, umakini, uvumilivu, ukarimu na ukali. Kila neno hapo unalijua tangu utotoni. Lakini nikiwapa wanafunzi swali hili, wapo wanaochagua "umakini" na wapo wanaochagua "uvumilivu", na ukiwauliza kwa nini, wanakuambia: si amesema anafuta na kuandika upya? Huyo ni mtu makini. Wamesoma nusu ya pili wakaisahau "ingawa" iliyosimama mlangoni. "Ingawa" inasema kuna mgongano kati ya kile wasomaji walichokiona na kile mhariri alichokijua. Mhariri alijua kazi ni ya jasho, basi wasomaji waliona kinyume chake: maneno yanayotiririka. Jibu ni wepesi. Umakini na uvumilivu ni chambo, na vimewekwa pale kwa ajili ya msomaji mwenye haraka.

Utaratibu ninaofundisha ni mmoja na hauna maajabu. Funika majibu kwa mkono. Tafuta neno linaloelekeza, yaani ingawa, kwa sababu, badala ya, hata hivyo, au nukta mbili inayotangaza kwamba maelezo yanakuja. Kisha jaza nafasi kwa neno lako mwenyewe, hata likiwa la Kiswahili, hata likiwa baya. Ndipo ufunue majibu na kutafuta linalofanana na lako. Anayeanza na majibu huwa anayajaribu moja moja kama viatu, na kila kimoja akikitazama kwa muda wa kutosha kinaanza kumtosha.

Kwa wewe uliyekulia nje ya Kiingereza, mtego mkubwa ninaouona hauko kwenye maneno marefu. Uko kwenye vishazi vidogo. "For all his learning" wengi wetu tunaisoma kama "kwa ajili ya elimu yake yote", kumbe ni "pamoja na elimu yake yote", yaani elimu ipo lakini haikusaidia. "Anything but simple" maana yake si rahisi hata chembe, ilhali "all but impossible" maana yake karibu haiwezekani. "Useful, if incomplete" haina sharti lolote ndani yake. Inasema kitu kinafaa japo hakijakamilika. Vishazi vya namna hii havizidi arobaini hamsini, na ukivimudu utaokoa maswali mengi kuliko utakavyookoa kwa maneno mengine 1,000. Viandikie daftari lake peke yake. Kila unapokutana na kimoja kwenye kusoma, nakili sentensi nzima, kisha uandike chini yake kama mwelekeo umegeuka au umeendelea.

Kuna aina ya swali linalokupa majibu sita na kukutaka uchague mawili yatakayoipa sentensi maana ileile. Hapa kosa la kila siku ni kukimbilia maneno mawili yanayofanana bila kuitazama sentensi. Mfano mwingine wa kwangu: *Mgeni yule alikuwa mtu wa maneno ______: ukimuuliza swali la dakika tano, anakujibu kwa neno moja.* Umepewa majibu haya: machache, matamu, haba, makali, mazuri, mengi. Jozi ziko mbili. Matamu na mazuri zinashikana mkono vizuri tu, lakini sentensi haijasema popote kwamba mgeni alipendeza. Machache na haba ndizo zinazokubaliwa na ule ushahidi wa neno moja. Kumbuka pia ukipata moja ukakosa jingine hupewi nusu alama. Ndivyo ilivyo hata kwenye sentensi zenye nafasi mbili au tatu: zote ziwe sahihi, ama hakuna.

Je, uyatupe yale maneno 1,000? Hapana, umeyalipia. Ila yabadilishie matumizi. Kulitambua neno likiwa kwenye orodha, na maana yake ikiwa pembeni, ni kama kumtambua mtu akiwa amevaa beji yenye jina lake. Kumbukumbu hukaa pale ubongo unapolazimishwa kulitafuta jambo bila msaada, na pale marudio yanapoachiana nafasi. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijifanyia majaribio ya silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akaonyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunalipa kuliko kurundika siku moja. Kwa hiyo chukua maneno kumi kwa siku, basi. Kila moja liwe ndani ya sentensi uliyoikuta, si uliyoitunga. Lirudie kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu, kila mara ukijiuliza maana kabla ya kugeuza kadi. Mizizi ya Kilatini inasaidia, kwa mfano "loqu" ya kusema inayokupa "loquacious" na "eloquent", lakini iwe mzee wa ushauri tu, asiwe hakimu. "Enervate" inasikika kama kutia nguvu na maana yake ni kudhoofisha. "Disinterested" haimaanishi mtu asiyejali, ni mtu asiye na maslahi upande wowote.

Nimekaa sana kwenye sentensi, na alama zako nyingi zimelala kwenye ufahamu.

Unasema muda unakuishia. Nina hakika kubwa kwamba unatafsiri. Unasoma sentensi, unaigeuza kuwa Kiswahili kichwani, unahamia inayofuata, na ukifika mwisho wa aya ya kwanza umekwisha kuisahau. Nilikuwa hivyohivyo, na nilikuwa nadhani ndiyo uangalifu. Kiswahili chako kitumie mahali pengine: maliza aya nzima kwa Kiingereza, inua macho, kisha jiambie kwa sentensi moja ya Kiswahili, "Huyu anadai nini, na anabishana na nani?" Maandishi ya GRE karibu yote yana mabishano ndani yake. Kuna rai ya zamani, kuna anayeipinga au kuirekebisha, kuna ushahidi. Ukimjua nani yuko upande gani, majina ya vimelea na ya wachoraji hayana haja ya kukaa kichwani. Yako kwenye skrini, utayarudia ukiulizwa.

Kosa linalowaponza hata wasomaji wazuri ni jibu lililovuka mpaka. Tuseme kifungu kinasema: *Wahakiki wa mwanzo waliiona michoro ya ujana ya msanii huyu kuwa mazoezi tu. Hukumu hiyo imezidi kiasi, ingawa ni kweli kwamba mawazo yake mengi makubwa yalikomaa baadaye.* Ukaulizwa mwandishi anaionaje hukumu ya wahakiki. Jibu la kwanza: anaikataa kwa ukamilifu. La pili: anaona ina ukweli kiasi lakini imekuzwa. La tatu: anaona michoro ya ujana ni bora kuliko ya uzeeni. Asiye makini anaona "imezidi kiasi" na kuruka kwenye la kwanza. Lakini kifungu kimesema "ni kweli kwamba", maana yake kuna sehemu amewakubalia. La tatu halijasemwa popote. Huenda wewe unaliamini, labda uliwahi hata kulisoma mahali, ila hapa ujuzi wako wa nje hauna kura. Jibu sahihi huwa la kinyonge, limejaa "kiasi", "baadhi", "huenda". Ukiona "daima", "kamwe" au "pekee", lidai ushahidi wa mstari kwa mstari.

Kuhusu saa: ukigawa dakika kwa maswali, unapata kama sekunde tisini kwa kila moja. Usizigawe sawasawa. Maswali ya kujaza nafasi yakukalie chini ya dakika moja, na akiba hiyo iende kwenye ufahamu. Kifungu kirefu kikikutisha, kiwekee alama uende mbele, kisha urudi.

Sasa wiki zako kumi. Mbili za mwanzo ondoa saa kabisa. Fanya maswali kumi na tano hivi kwa siku bila haraka, na kila uliloshindwa liandike kwenye daftari la makosa likiwa na sababu mojawapo kati ya tatu: neno sikulijua, sentensi sikuielewa, au nilielewa nikala chambo. Mwisho wa wiki ya pili hesabu. Hapo ndipo utajua ugonjwa wako badala ya kukisia, na mimi nitashangaa sana kama sababu ya kwanza itaongoza. Wiki ya tatu hadi ya saba shughulikia sababu iliyoongoza, na kila siku usome makala moja ya hoja, iwe ya sayansi, historia au uhakiki wa sanaa, hasa ile fani inayokuchosha. Kisha rudisha saa. ETS wana jaribio jingine la bure ambalo inaelekea hujaligusa. Usilifungue mpaka ubakiwe na wiki mbili au tatu. Maswali ya mazoezi yatoke kwa watunga mtihani wenyewe kadiri inavyowezekana. Hesabu mtu yeyote anaweza kuitunga, lakini swali la Verbal lililotungwa ovyo lina majibu mawili yanayokubalika, na litakufundisha kubishana na kivuli.

Kozi ya kulipia? Ina faida kwa mtu asiyejipangia ratiba, na wewe uliyeamka saa kumi kwa wiki sita hauko kwenye kundi hilo. Ningekushauri utafute mtu mmoja anayejiandaa pia, mkutane mara moja kwa wiki, kila mmoja amweleze mwenzake kwa nini majibu manne ni mabaya. Kueleza kwa nini jibu baya ni baya kunafundisha kuliko kulipatia lile zuri.

Kuna hali ambazo mimi hapa siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama baada ya wiki mbili bila saa bado unakosa nusu ya maswali ya ufahamu, tatizo ni msingi wa Kiingereza chenyewe, na hapo unahitaji mwalimu wa lugha wa kukaa naye mezani, akusikie ukisoma na akuone unapokwama. Kama mistari inachezacheza au kichwa kinauma kila ukisoma kwenye skrini, mwone daktari wa macho kabla ya kununua kitabu kingine. Kama tangu utotoni herufi zimekuwa zikikupiga chenga, mwone mtaalamu akupime. Wenye matatizo ya kusoma yaliyothibitishwa wanaweza kuomba muda wa ziada, lakini ombi hilo hupelekwa na kuidhinishwa kabla ya kupanga tarehe ya mtihani, kwa hiyo anza mapema. Na kama moyo unakwenda mbio, hulali, au unaganda ukiona saa inahesabu, zungumza na mshauri nasaha wa chuo au hospitali. Hilo lina tiba, na msamiati si tiba yake.

Nimebakiza swali lako la kuahirisha. Kwanza iulize idara kwa barua kama GRE ni lazima au ni hiari, maana programu nyingi zimeacha kuidai, na huenda yako inaiangalia Verbal kwa jicho la pembeni tu. Kama ni lazima, kutoka 147 hadi 155 kwa wiki kumi kunawezekana, ila nisingeweka dhamana. Kwa hiyo usiahirishe sasa. Fanya lile jaribio la pili katika wiki ya saba au ya nane. Ukipata 152 na kuendelea, nenda ukafanye. Ukiwa chini ya 150, sogeza tarehe, mradi mwisho wa kutuma maombi haujakukaba. Na ukifanya ukakosa, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano katika miezi 12, na wewe ndiye unayechagua alama za siku ipi zitumwe chuoni. Hayo maneno mengine 1,000 yaache kwanza. Nitumie hesabu ya daftari lako la makosa wiki mbili kuanzia leo, tuone ni safu ipi imeongoza.